Jinsi ya Kuunda Ndege Uani Kawangware na Bado Uelewane na Jirani

Gabriel Nderitu wa Nyeri alishaonyesha Wakenya kwamba ndege inaweza kuanzia nyumbani. Sasa ni zamu yako, wewe mwenye ua, msasa na subira. Utaratibu ni huu.

1. Pima lango. Long-EZ, ndege ya povu na faibaglasi iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan na kuruka mara ya kwanza mwaka 1979, ina mabawa ya karibu mita 8 toka ncha hadi ncha. Malango mengi ya ploti yalikusudiwa mkokoteni. Bahati nzuri mabawa hayo hufunguliwa.

2. Nenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla ya kwenda dukani. Bila wao hupati usajili wa Kenya, ule wa 5Y, wala ruhusa ya kuruka. Piga picha kila hatua, maana mkaguzi haoni kilichozikwa chini ya faibaglasi.

3. Chagua povu. Lile jeupe la chengachenga linalokuja na televisheni kutoka maduka ya Luthuli Avenue, waachie watoto. Bawa linataka polistireni iliyoshikana vizuri, na hukatwa kwa waya wa moto. Povu la yurethani likate kwa kisu tu: likiguswa na waya wa moto hutoa moshi wa sumu, na hapo jirani ana haki ya kupiga kelele.

4. Dondoshea kipande cha polistireni petroli, ukitazame kikiyeyuka. Umeshajua kwa nini tangi la mafuta halijengwi kwa povu hilo. Rezini ya poliesta nayo hulila vilevile, tumia epoksi.

5. Nunua mizani. Hadena ya epoksi si chumvi, haiongezwi kwa kuonja. Ikizidi haiharakishi epoksi kukauka, huidhoofisha. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu kikombe kikijaa hupata moto chenyewe hadi kufuka moshi. Julai, baridi ya Dagoretti ikibana, pasha chumba joto kwanza.

6. Fuata mwelekeo wa nyuzi za faibaglasi. Povu hutoa umbo. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Zinazolazwa kwa digrii 45 huzuia bawa lisijisokote, zinazofuata urefu wake huzuia lisipinde. Kamua epoksi ya ziada, kwani ni uzito usio na nguvu.

7. Paka rangi nyeupe. Najua unatamani michoro ya matatu za Rongai, lakini rangi nyeusi hunyonya jua, na epoksi ikipata joto kali hulegea.

8. Kumbuka ulipo. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu zake, na mbio za kupaa hurefuka. Piga hesabu zako kwa jua la saa nane mchana. Safari ya kwanza mwachie rubani mzoefu. Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa 1927, iko hapo Wilson, kaulize.

9. Vunja kazi yako. Tengeneza vipande vya majaribio, kisha bandua faibaglasi kwa nguvu. Ikitoka na povu lililochanika, umefanya kazi. Ikitoka safi, rudia, hata kama ukoo mzima umeshaalikwa. Mikono ya jua kali tunayo tele Nairobi; fundi anayekubali kuvunja kazi yake ikiwa bado chini ndiye nitakayepanda ndege yake.