Namna ya Kuaga Bila Kusema Kilichokusibu

Programu yako imemaliza kazi, au imeshindwa. Hilo lingebaki siri yako, ila kwenye Unix na Linux kila programu ina mzazi, na mzazi huyo, awe Bash au make, hakubali mtoto wake azime kimyakimya. Anadai namba. Sifuri maana yake salama. Namba nyingine yoyote, kuna jambo. Mwongozo huu ni wa wale wanaopenda kila siku iwe salama.

Anza na lililo jepesi: andika "KOSA KUBWA!!!" kwenye skrini, kisha toka kwa `exit 0`. Binadamu akiyaona maandishi hayo atashtuka. Bahati nzuri saa nane za usiku binadamu wamelala, na skripti iliyoita programu yako haijui kusoma. Imeona sifuri, inavuka `&&` na kuendelea na amri inayofuata, ambayo kwa kawaida ni ile ya kufuta nakala za zamani.

Ukiona haya kudanganya waziwazi, jifiche nyuma ya paipu. Andika `mysqldump duka | gzip > duka.sql.gz`, halafu subiri mtu abadilishe nenosiri la hifadhidata. Siku hiyo mysqldump itagoma na kutoa namba yake ya kosa, lakini Bash, usipoiambia vingine, huchukua namba ya amri ya mwisho tu. Na gzip ina kosa gani? Imeletewa utupu, ikaubana kwa ustadi. Utapata faili la baiti 20, lenye jina safi na tarehe ya leo. Bosi akiliona kwenye orodha ataridhika, na kesho yake ataridhika tena. Usiguse kabisa `set -o pipefail`. Hiyo ni ya wambeya.

Wapenda hesabu warudishe idadi ya makosa: makosa matatu, `exit 3`. Inapendeza, tena ina harufu ya uaminifu. Utamu wenyewe unakuja siku makosa yakifika 256. Mzazi hupokea biti nane tu, yaani 0 hadi 255, kwa hiyo 256 humfikia kama 0. Aliyekosea mara 255 anakaripiwa. Aliyezidisha moja anapongezwa.

Kama ni lazima utoe namba, basi chagua zenye wenyewe. Sheli hutumia 127 kusema amri haikupatikana, na 126 kusema imepatikana ila haiendesheki. Programu ikiuawa kwa ishara, sheli hujumlisha 128 na namba ya ishara hiyo, ndiyo maana 137 ni kifo cha ishara ya 9, ambayo mfumo huitumia kumaliza programu kumbukumbu inapoisha. Wewe toa `exit 137` mteja akikosea tu jina lake. Watu wa seva watashinda wakisaka kumbukumbu iliyopotea. Jamaa wa BSD walijaribu kuleta utaratibu kwa faili la `sysexits.h`, namba 64 hadi 78. Waheshimu kwa mbali.

Mwenzako akija kuchunguza `$?`, hakikisha umeshatanguliza `echo` yoyote ile. Atasoma namba ya echo, na echo haikosei.

Limebaki suala la `set -e`, inayosimamisha skripti mara amri inapotoa namba isiyo sifuri. Hii ina visa vyake. Grep, kwa mfano, hutoa 1 isipokuta neno ililotumwa kulitafuta, ingawa hakuna kilichoharibika. Kosa la kweli hulipa 2. Kwa hiyo skripti itasimama bila hatia, nawe utakasirika, na ukishakasirika utabandika `|| true` mwisho wa mstari ule, kisha wa pili, kisha yote, hata ule wa mysqldump. Akikuuliza mtu kwa nini, mjibu kwamba bila hiyo skripti ilikuwa inakwama. Ni kweli tupu.