Njia Imebaki ya Kuku

Hati ya mauziano ya kiwanja changu iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na mipaka inaeleza hivi: mbele barabara, kushoto mwembe, kulia jirani, nyuma njia ya wote. Mwembe ulishakatwa ukawa mkaa. Jirani wa kulia alifariki na warithi wake hawasalimiani. Barabara ya mbele inahama kidogo kila masika. Katika karatasi nzima, kitu pekee kilichobaki mahali pake ni muhuri.

Aliyeandika "njia ya wote" hakutaja upana, maana siku hizo upana ulijulikana: njia ya mkokoteni. Viwanja vyenyewe vilipimwa kwa hatua, 20 kwa 30, na kila aliyewahi kununua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam anajua kwamba hapo hoja si namba, ni miguu ya nani. Muuzaji huja na kijana mfupi. Mnunuzi mwenye akili huja na shemeji mrefu, tena aliyevaa suruali pana. Mkibishana sana anatafutwa mtu wa kimo cha kati, mara nyingi mjumbe, ambaye hupiga hatua huku anahesabu na huku anapokea simu. Njia, kwa kuwa haikuwa na mnunuzi, haikuletewa shemeji.

Tuko upande wa Tabata, nyumba zetu zimelipa mgongo bonde. Huko nyuma kila mtu ana vituta vyake: matembele, mchicha, bamia, na mgomba mmoja wa heshima. Samadi huingilia nyuma, taka hutokea nyuma, fundi bomba hupita nyuma. Mbele ni kwa wageni. Sijaona mke wa mtu mtaani kwetu atakayekubali toroli la samadi likatize sebuleni kati ya kochi na televisheni, na siwezi kuwalaumu.

Wa kwanza kuila njia alikuwa Mzee Mstaafu, na alitumia michongoma. Aliipanda ndani ya mpaka wake kabisa, mchana kweupe, mjumbe akishuhudia. Kisha kila Jumamosi akawa anatoka na panga na kuikata upande wa ndani tu. Mchongoma ukinyimwa ndani unakwenda nje. Leo mashina yako kwake, matawi yako kwetu, na miiba imeshachana kanzu za watu wa msikitini na suti za watu wa kanisani bila ubaguzi. Nikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama watoto hajambo? Na yule mdogo, mafua yameisha?"

Hapo kesi imekwisha. Jaribu wewe kumpandishia sauti mtu aliyekuuliza mafua ya mwanao. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba ile michongoma ya nje imezidi kidogo. Mzee akasikitika kweli. Akasema hata yeye inamuudhi, ila upande wa nje ni wa umma, na katika utumishi wake wote hakuwahi kugusa mali ya umma bila maandishi.

Wa pili ni Bosi wa Tofali. Huyu anajenga vyumba vya wapangaji, na ameanza kuvijenga zamani sana, saruji ikiwa bado inanunulika na watu wa kawaida. Alishusha tofali za inchi sita katikati ya njia akisema zinakaa mpaka fundi aje. Fundi alikuja. Akachukua malipo ya awali, akapata msiba kwao, na mpaka leo hajamaliza kuomboleza. Tofali zimeota ukoka, kuku wanatagia humo, watoto wamezifanya goli. Ukimkumbusha hakukatalii hata siku moja. "Wiki ijayo, jirani," anasema, tena anakushika bega.

Halafu kuna Mama Genge na kamba yake ya nguo, iliyofungwa kutoka kwenye mpapai wake hadi kwenye mti wa ng'ambo, ikikata njia kama kizuizi cha mpakani. Nilimgusia jambo hilo siku moja nikinunua nyanya. Akacheka, akaniongezea pilipili mbili za bure. Kesho yake kamba nzima ilikuwa tupu isipokuwa kanga moja, imeanikwa katikati, usawa wa uso wangu: HASIDI HANA SABABU. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kanga yenyewe haikuwa imelowa. Sasa nikitaka kwenda kumwagilia bamia zangu nalazimika kuyainua maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe, nipite chini yake nimeinama, kisha niyaachie yanipige kisogoni. Mke wangu ameshakwenda Kariakoo kutafuta ya kumjibu.

Basi njia iliyokuwa ya mkokoteni ikawa ya toroli. Ikatoka kwenye toroli, ikawa ya mtu mwenye ndoo kichwani. Sasa hivi imebaki ya kuku, na hata hao nimewaona wakikutana katikati, mmoja inabidi arudi kinyumenyume.

Msiniambie habari za sheria, nimezisoma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima kuhusu haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzio, na hata aliyezungukwa pande zote anaweza kuiomba mahakama imfungulie njia. Unaanzia baraza la ardhi la kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Juu ya hapo kuna Mahakama Kuu, na juu yake Mahakama ya Rufani. Nimejaribu kuwaza waheshimiwa majaji wa Rufani wamekaa na majoho yao wakipitia vielelezo vya kamba ya nguo ya Mama Genge, nikaona haya kwa niaba ya taifa.

Lakini kinachonizuia si haya, ni msiba. Mzee Mstaafu ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Daftari liko kwake, na anajua nani ana deni la miezi mingapi. Bosi wa Tofali ndiye mwenye pikapu ya kubebea viti na maturubai. Mama Genge ndiye anayepika ule wali wa watu mia kwenye masufuria matatu, na wakati wa shida hutoa mboga bila kuuliza pesa. Kuwashtaki hawa watatu kwa mpigo ni kuutangazia mtaa kwamba huna mpango wa kufa. Ndiyo maana watu wa nje wakituona tunaishi kwa amani wanadhani tunapendana. Tunapendana, sikatai. Ila tunapimana pia.

Maji ya masika ndiyo hayajajiunga na chama. Ile njia ilikuwa pia mtaro wetu, jambo ambalo wote tulilisahau mpaka mvua ilipotukumbusha. Maji yakashuka, yakakuta tofali, yakageuka kulia na kuingia jikoni kwa Mzee Mstaafu. Nilimkuta amekunja suruali hadi magotini, ameshika ufagio, analaani kwa uchungu tabia ya baadhi ya watu kuziba njia za wenzao. Nikamsaidia kukomba maji. Michongoma ikanichana nikitoka.

Tukapata matumaini wapimaji wa urasimishaji walipofika mtaani. Mkutano ukaitwa kwa mwenyekiti, viti vya plastiki, ramani imetandikwa juu ya meza. Yule kijana wa upimaji akatueleza kwa upole kwamba bikoni haziwezi kuwekwa mpaka sisi wenyewe tukubaliane njia zipite wapi, na kila mmoja aachie kidogo. Mwenyekiti akauliza: je, tunataka njia ya nyuma? Mikono yote juu, hata wa mtoto aliyekuwa mgongoni. Ipite wapi? Watu wakaanza kuangalia simu zao.

Mzee Mstaafu akasimama. Akaishukuru serikali, akaeleza kwamba njia ni uhai wa jamii yoyote iliyostaarabika, akanukuu utumishi wake, kisha akapendekeza ipite yote kwa marehemu. Makofi mengi. Warithi wa marehemu, ambao hawajazungumza tangu arobaini ya baba yao, wakainuka kutoka pembe mbili za uwanja na kukataa kwa sauti moja. Ni kweli urasimishaji una faida, siku ile uliunganisha familia. Mpimaji akakunja ramani yake taratibu na kuomba maji ya kunywa.

Juzi shimo la choo la Bosi wa Tofali likajaa. Gari la maji taka likaja, mpira wake ukavutwa kutoka barabarani mpaka kwenye njia, ukafika kwenye tofali na kukwama. Bosi akaja kwangu, mkono tayari uko begani mwangu. Jirani, umeamkaje, na mdogo mafua vipi, sasa naomba mpira upitie hapa kwako ukumbini, dakika kumi tu. Kabla sijafungua mdomo mke wangu akatokea mlangoni akiwa amejifunga ile kanga ya Kariakoo, na Bosi, ambaye anajua kusoma, akarudi nyuma.

Dereva wa gari hulipwa kwa tripu na hana muda wa historia. Akauliza hizi tofali ni za nani. Tulikuwa watu wasiopungua kumi pale, hakuna aliyejibu. Akasema basi wapatikane vijana wazisogeze, la sivyo anakwenda kwa mteja mwingine. Vijana wakapatikana, bei ikapatana, Bosi akalipa huku ananung'unika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikauona ule udongo wa njia. Walifanya kazi nzuri mno vijana wale. Tofali zote wamezipanga upya kwa mstari ulionyooka, zimeegemea ukuta wangu, moja kwa moja mpaka mbele ya mlango wangu wa nyuma, ambao sasa haufunguki. Nimeambiwa nisijali, ni mpaka wiki ijayo.