Profesa Aeleza Kwa Nini Uchumi Huanguka

Profesa (cheo alijivika mwenyewe, na hakuna chuo kilichodai akirudishe) alipanda juu ya kreti ya soda kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, akakohoa, akasubiri wacheza bao wanyamaze. Hawakunyamaza. Akaanza hivyo hivyo.

"Ndugu zangu, uchumi huangushwa na kitu kimoja tu, na aliyekigundua ni mimi: vita!"

Ushahidi wake ulianzia jirani tu, Kariakoo, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, noti za Mjerumani zikabaki makaratasi mikononi mwa watu. Rupia nayo ikaondolewa, ikaja florini, na kabla watu hawajaizoea ikaja shilingi. Halafu Vita vya Kagera: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na nchi ikabaki na gharama inayokadiriwa kufikia dola milioni 500. "Mnaona? Vita, kisha njaa. Nadharia imekamilika!"

"Jumuiya ilivunjika lini?" akauliza mzee mmoja, kete bado mkononi.

Profesa alijifanya hakusikia, lakini swali lilikuwa limeshamng'ata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege na la reli. Kahawa, iliyopanda bei baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilianza kushuka. Serikali nayo ilikuwa imelegeza uagizaji wa bidhaa, akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Amin alikuta nyumba imeshaanza kuvuja. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1979, paa likaondoka kabisa.

Na ule mdororo wa 1929, mkonge wa Tanganyika ulipoporomoka hadi chini ya nusu ya bei bila risasi hata moja kulia?

"Vita vya chini kwa chini," akajibu Profesa, uso mkavu.

Haki yake apewe: gharama za Kagera hazikuwa hadithi, na askari wetu walibaki Uganda hadi 1981. Ila vita havielezi kwa nini dhiki ilidumu. Bei zilipangwa na serikali, shilingi ikashikiliwa juu kuliko thamani yake, na Edwin Mtei, Waziri wa Fedha aliyetaka maelewano na IMF, akajiuzulu mwaka 1979. Hapo Profesa alichangamka tena, akatangaza kipimo chake cha kimataifa cha mdororo: idadi ya mawe mbele ya duka la ushirika. Jiwe lilishika nafasi ya mtu kwenye foleni ya sukari, mwenyewe akaenda zake kutafuta majani ya mpapai ya kufulia. Mwaka 1983 wakasakwa wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata mwenye fedha zake nje akaruhusiwa kuagiza mali, maduka yakaanza kujaa. Mwaka 1986 dola ikaruka kutoka shilingi 17 hivi hadi 40.

Alipomaliza, Profesa alinyoosha kikombe apewe kahawa kwa mkopo. Angelipa, alisema, baada ya miezi 18, muda ule ule ambao Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda baada ya vita.

"Miezi 18 ipi, Profesa?" akauliza muuza kahawa, akifunika birika lake. "Ile ya kwanza tuliifunga mpaka akaja Rais Mwinyi. Toa hela."