Kabla ya Kushika Pompi

Mkulima aliyemwagia mkahawa kidumu kizima cha dawa, kisha akaukuta umekauka huku bado unanuka, hutazamwa na majirani kama mtu aliyepeleka maiti zahanati. Huku Mbau, eneo la Beni mashariki mwa Kongo, aibu hiyo ina chanzo kimoja: tukiona tundu tunasema mdudu, na tukisema mdudu mkono umeshashika pompi. Wakati tundu lina lugha yake. La kwenye kitovu cha tunda ni la mdudu wa buni. Kubwa la chini ya shina, linalotema unga wa mbao, ni la funza mtoboa shina. Na mti unaonyauka wote bila tundu, ukikwangua gome ukakuta michirizi ya bluu-nyeusi, umeshikwa na kuvu ya mnyauko, ile iliyofyeka robusta zetu na kuonekana ng'ambo, Bundibugyo nchini Uganda, mwaka 1993. Hapo pipa zima la dawa ya wadudu ni maji ya kunawia.

Anayestahili maelezo marefu ni mwenye tundu la sindano, upana kama milimita moja, upande wa chini wa kijiti. Ni mbawakawa mweusi asiyefika milimita mbili, Xylosandrus compactus, na ubao haula. Mama hubeba mbegu za kuvu katika kifuko cha mgongoni, huchimba chumba ndani ya kijiti, hupanda kuvu ukutani na kutaga. Watoto hula shamba lililo sebuleni. Madume hawaruki: huzaliwa humo, huoa dada zao na kufia humo, jambo ambalo ukoo wowote wa Kinande ungeliitia kikao. Kijiti hukauka kutoka tunduni hadi nchani, mti uliobaki ukiwa kijani, na hapo ndipo anapotofautiana na mnyauko. Utasema dawa kali itamfikia. Ipitie wapi, ikiwa mlango umezibwa na mwenye nyumba mwenyewe? Utasema kukata tawi ni kukata mavuno. Tawi hilo lilishakufa. Likate chini kidogo ya tundu, ulichome siku hiyohiyo, maana ukiliacha pale mabinti watatoka na mimba, kila mmoja na mbegu yake mgongoni. Kivuli kizito nacho kipunguze.

Ushauri huu mzuri unadhani kwamba mwenye shamba anaweza kulifikia. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu mashambani katika eneo la Beni. Wapo waliorudi wakakuta kakao imeshavunwa na wengine, na mikahawa isiyopogolewa imegeuka nyumba ya wageni ya mbawakawa. Kanuni za kilimo zinataka kila mti ukaguliwe mara kwa mara. Hazisemi nani atakusindikiza. Kwa sasa mkulima anayelala shambani kwake bila kutega sikio nje ni yule wa milimita mbili, na mlango ameuziba.