Sifa za Debe la Kuamia Ndege

Mizinga ya vita imesifiwa vya kutosha, na wanaoisifu wanalipwa. Debe halina msemaji. Basi nilisemee mimi, na nianze na la Kilangali, wilayani Kilosa, kwenye majaruba ya mpunga, ambako kila msimu mpunga ukianza kutoa maziwa, vita ya anga imefunguliwa.

Adui ni kwelea kwelea. Ukimshika mmoja mkononi utamwonea huruma: gramu 20 hivi, manyoya na kelele. Lakini anakula nafaka gramu 10 hivi kwa siku, wala hajawahi kusafiri peke yake. Kundi la milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, linamaliza tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Hakuna manowari iliyowahi kurushiwa makombora milioni moja asubuhi, kisha yakaenda kupumzika kivulini na kurudi tena saa kumi jioni. Na Kilangali kuna shamba la Wakala wa Mbegu za Kilimo, kwa hiyo punje inayoliwa pale huenda ni mavuno ya mwakani ya mtu aliye mkoa mwingine kabisa.

Sasa tazama silaha yenyewe. Kopo la rangi au la maziwa ya unga, matundu mawili ya msumari, kokoto nne au tano tumboni, mti wa kulining'iniza. Kamba ni ya katani, zao ambalo Kilosa ililima hadi likaijengea miji kama Kimamba. Makopo yanaunganishwa kwa kamba moja baada ya jingine, likitikiswa la kwanza yanaitikia yote mpaka mwisho wa jaruba. Kamba zote zinakutana dunguni, na dunguni amelala mtoto chali, ncha imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Kivuli kikipita juu ya mpunga, mguu unajinyoosha. Mtambo unajiendesha wenyewe, mradi mtoto asisinzie. (Walimu wana lao la kusema kuhusu mtoto huyo na saa hizo za asubuhi, na wana haki.) Anayetaka mtambo usiohitaji hata mguu huchomoa mkanda wa kaseti mbovu na kuutandaza juu ya mpunga, upepo uuvumishe. Ikiwa kaseti ni ya Mbaraka Mwinshehe, basi shamba linalindwa na bendi yake, Super Volcano, jina ambalo mzinga wowote usingelionea aibu.

Wakubwa wa dunia nao wana dungu lao. Tangu 1980 meli za kivita za Marekani zimekuwa zikifungwa mzinga uitwao Phalanx, wenye kichwa cheupe cha mviringo na rada ndani yake. Unatafuta kombora wenyewe, unalipima wenyewe, unalifyatulia risasi wenyewe, hadi 4,500 kwa dakika. Ghala lake linabeba 1,550, kwa hiyo baada ya sekunde ishirini na kidogo lazima mtu apande kuujaza. Tarehe 17 Mei 1987, kwenye Ghuba ya Uajemi, makombora mawili ya Iraq yaliipiga meli iitwayo Stark na mabaharia 37 wakafa. Phalanx ilikuwemo, lakini ilikuwa imewekwa katika hali ya kusubiri. Kwa lugha ya dunguni, mtoto alikuwa amesinzia. Juni 1996 kosa lilikuwa la upande wa pili: meli ya Japani, mazoezini, ilitakiwa ipige shabaha iliyokuwa ikivutwa na ndege ya Marekani, ikapiga ndege. Marubani waliokolewa. Afrika Kusini hawakupata bahati hiyo. Oktoba 2007, huko Lohatla, mzinga wa kutungulia ndege uliharibika katikati ya mazoezi ukawamiminia risasi askari wenyewe, 9 wakafa.

Debe halijamuua mtu. Wamelitukana miaka nenda rudi kwamba likiwa tupu haliachi kuvuma, kana kwamba kuvuma si kazi. Wanaosema hivyo hawajaamia mpunga.

Kweli, kwelea hana ujinga. Siku za kwanza debe likilia anaruka. Baada ya siku chache amelizoea, na wiki ikipita utamkuta ametua juu yake anachagua suke. Tembo wa hifadhi ya Mikumi ndiyo kabisa, hageuzi hata sikio. Lakini lengo la debe halikuwa kuua. Debe linahamisha. Kundi likiondoka kwako linavuka tuta na kushuka kwa jirani, ambaye kabla ya jua kuzama naye amesaka makopo. Hivyo silaha inaenea bonde zima bila semina, bila mfadhili, hadi kwa yule wa mwisho asiye na wa kumsukumia. Huyo ndiye huenda kwa ofisa ugani, ofisa ugani anaandika wilayani, na ikiwa bahati ipo inakuja ndege yenye rubani kunyunyizia sumu jioni, kwelea wakirudi malaloni. Sumu hiyo inamuua na mwewe aliyekuwa akiwala kwelea bure.

Nina ombi kwa watunga michezo ile ya mezani ya kuigiza, ya karatasi na dadu, wanaokesha wakibuni mizinga ya karne zijazo ya kudungua makombora. Mmoja wa michezo hiyo uko karibu na ukweli: katika Traveller, mchezo wa Kimarekani wa 1977, meli za anga hujikinga na miale ya adui kwa kumwaga mchanga. Wameshafika kwenye mchanga. Kokoto haziko mbali. Watuingizie na debe. Ukirusha dadu ukapata moja, mtoto amesinzia. Ukipata mbili hadi tano, adui anamwendea mchezaji aliye kulia kwako. Ukipata sita anamwendea wa kushoto. Na kwenye safu ya bei waandike: kopo moja, maziwa yawe yamekwisha.