Barua ya Wazi kwa Wenye Mhuri

Kwa Halmashauri ya Kijiji chetu,
Kibosho, Moshi Vijijini.

Waheshimiwa,

Nawapongeza kwa kuilinda mila. Nilipoomba kununua robo eka kwa jirani yetu mliniambia kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi, na kwamba binti ni wa kuolewa. Akinunua, ardhi itahamia ukoo wa mumewe. Nikakubali, nikarudi na fedha zangu.

Kihamba hichohicho sasa kimeuzwa kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam, ambaye ukoo wake hamkuuliza. Ameng'oa mibuni, amefyeka migomba, na masale ya mpakani ameyakata akasimamisha ukuta. Ndani ya ukuta kuna ghorofa linalofunguliwa Desemba watu wanapopanda kula Krismasi, kisha linafungwa. Kaburi la babu wa jirani limo humohumo. Wajukuu wakitaka kulipalilia, wanaomba ruhusa kwa mlinzi. Hongereni, ardhi haikuhamia ukoo mwingine.

Mlisema nikitaka kuendelea nimlete kaka yangu asaini. Kaka sina. Ninaye mdogo wangu wa kiume, yuko darasa la tano, na mwandiko wake ni mzuri. Je, anatosha, au mnataka mwenye ndevu?

Nisaidieni pia kuhusu ile asilimia kumi ya bei mnayodai iwe ya kijiji. Nimeipekua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, sijaiona. Nilichokiona ni kifungu cha 20, kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Labda nakala yenu ilichapwa kwingine.

Najua mtasema sheria ni mambo ya Dodoma, huku ni mlimani. Haya, twendeni Kagera, kwenye migomba kama yetu na wazee kama ninyi. Bi Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo, ndugu yake wa kiume katika ukoo akaenda mahakamani kudai kuwa mwanamke wa Kihaya hana mamlaka hayo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua kuwa mwanamke anauza kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume. Ukoo haukufa.

Tena ni nani anayekijua kihamba? Mama zetu ndio wanaobeba majani ya ng'ombe kutoka porini, wanaochuma kahawa, wanaoshusha ndizi sokoni. Mtoto wa mwisho wa kiume, mrithi wa nyumba ya baba, mara nyingi yuko mjini na ufunguo mfukoni. Mnampigia simu akubali, anakubali bila kuuliza ni mti upi unakatwa.

Kuna kihamba kingine kinauzwa, upande wa juu wa mfongo, mfereji wetu wa maji. Nitakuja kwenye kikao kijacho na fedha pamoja na nakala ya sheria. Mkinikataa tena, naomba sababu iandikwe kwenye muhtasari na igongwe mhuri, niipeleke Baraza la Ardhi.

Wenu mtiifu,
Binti wa Kibosho