Nane na Tatu

"Pole mwanangu," mzee aliniambia huku akizikokota chipu zangu kwa mikono miwili, na mpaka sasa masikio yananiwaka. Haikuwa pole ya msiba. Ilikuwa ile anayopewa mtoto aliyejikwaa mbele ya wageni.

Meza yenyewe ni ya dau dogo, kwenye kasino moja hapa Dar. Poka ya Texas: kila mchezaji ana karata mbili za siri, halafu mezani zinafunuliwa tatu, kisha moja, kisha ya mwisho, na hizo tano ni za wote. Nilishika mfalme wa shupaza na malkia wa uru. Mezani zikaja mfalme wa kopa, nane ya kopa na tatu ya pau. Nikaweka dau, wote wakatupa karata isipokuwa mzee. Ikaja tano ya uru. Nikaweka tena, mzee akafuata kimyakimya. Ya mwisho ikawa mbili ya shupaza, takataka tupu. Hapo ndipo mzee, ambaye usiku kucha hakuwa ameanzisha dau hata moja, akasukuma rundo lake lote katikati.

Sasa ngoja nikueleze, maana watu wanadhani kusoma mkono wa mtu ni uganga. Ni hesabu. Karata 52 hutoa mikono 1,326 ya karata mbilimbili, na kila mtu anapofuata, kuongeza au kutupa, unafuta baadhi. Mzee kafuata mara mbili bila kuongeza, kwa hiyo kuna kitu anakisubiri. Nini? Kopa ya tano, maana karata tano za kopa ni mkono mkubwa. Mezani zipo mbili, mimi sina hata moja, zimebaki kumi na moja. Zipange mbilimbili uone, ni njia 55. Kushika nane mbili, njia tatu. Tatu mbili, njia tatu. Wafalme wawili, njia moja tu, kwa kuwa mmoja yuko mezani na mwingine ninaye mimi. Na kopa haikuja. Basi hesabu inasema mzee kakosa alichokisubiri na sasa anachimba mkwara. Hakuna raha kama hiyo: mtu kafunika karata zake kwa viganja, na wewe unaziona.

Halafu kuna mwili. Mike Caro, Mmarekani aliyetoa kitabu kizima cha dalili za wachezaji wa poka mwaka 1984, anafundisha kwamba anayejifanya mbabe ana karata mbovu na anayejifanya mnyonge umkimbie, tena kwamba mkono unaoanza kutetemeka ghafla wakati wa kuweka dau hauna woga, una karata kubwa. Mzee wetu anatetemeka. Lakini anatetemeka hata akikoroga chai, kijiko kinagonga kikombe hadi mlangoni kunasikika, kwa hiyo dalili hiyo niliifuta mapema. Nilichokiona ni kinyume chake: aliposukuma chipu, mkono ulitulia tuli. Anajikaza, nikasema moyoni. Anaigiza ubabe. Nikafuata kwa nilichokuwa nacho chote.

Akafunua nane ya shupaza na tatu ya uru: jozi mbili, mimi nina moja tu ya wafalme.

"Nane, mwezi wa tatu," akaielezea meza. "Mjukuu wangu kazaliwa tarehe hiyo. Sizitupi hizi hata siku moja."

Meza ikaangua kicheko, hata dada wa vinywaji. Njia za kushika nane na tatu zilikuwa tisa. Tisa kwa 55! Nilisoma sawasawa kabisa, ila nilimsoma mtu mwingine, yule ambaye angekuwa amekaa pale laiti mzee angetupa karata zinazostahili kutupwa. Hesabu yangu ilichukulia kwamba mpinzani naye anapiga hesabu. Huyu anasherehekea siku ya kuzaliwa.

Wala si mzee peke yake niliyemsoma vibaya. Kijana wa miwani myeusi, niliyemhofia kwa utulivu wake, alikuwa amelala. Dada aliyekuwa akihema haraka ana pumu. Binti yangu alinifunga karata sebuleni huku zake zimegeukia kwangu.

Kinachoniuma hasa si mzee. Kila dau likikusanyika, mgawaji anachomoa chipu na kuitumbukiza kwenye kitundu kilicho pembeni yake. Hayo ni makato ya kasino: asilimia, tena yenye kikomo, na kikomo hicho ndicho kichomi. Kwa wenye pesa dau linavimba mpaka makato hayaonekani. Sisi wa dau dogo kikomo hatukifikii, kwa hiyo tunakatwa asilimia kamili, kila safari, ashinde nani asishinde nani. Wasome watu wote wa meza hiyo mpaka uwajue kwa majina ya ukoo, kitundu kitakula faida yako taratibu, na hakina uso wa kusomwa. Mgawaji simlaumu, ni kijana mpole anayetegemea bakshishi. Nilikwenda kwa keshia kuuliza tunakatwa asilimia ngapi hasa. Akanijibu bila kuinua macho kwamba imeandikwa, karatasi ipo ukutani. Ipo kweli. Imebandikwa nyuma ya mlango, na mlango huo unawekewa tofali ili ukae wazi usiku kucha.